Mhariri, andikeni Changuu: barua kuhusu majina ya visiwa, vyetu na vya Trapani

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua hua mnazikata zikiwa ndefu ila hii naomba muiwache ilivo, nimeiandika siku tatu usiku baada ya kutoka baharini na kila nikitaka kuifupisha naona nakata pahala panaponiuma.

Jumapili ilopita mlitoa ukurasa mzima wa utalii, picha nzuri, bei za boti, kobe, kila kitu. Mkaandika Prison Island mara tano, nimehesabu, na jina lake lenyewe, Changuu, hata mara moja. Sasa mie ni nahodha wa boti ya wageni mwaka wa 14 huu na nimekasirika, lakini nimekasirika na nafsi yangu kwanza kwa sababu na mie miaka mingi nlikuwa nasema hivo hivo, mgeni akishuka pale Forodhani namwambia Prison Island, dola kadhaa, twende. Na hiyo jela yenyewe iliyojengwa miaka ya 1890 haikuwahi kufunga mfungwa, ilikuja kuwa pahala pa karantini ya wagonjwa wanaoshuka melini. Yaani kisiwa kimebadilishwa jina kwa kitu ambacho hakikutokea! Changuu ni jina la samaki, kila mtoto wa pwani anamjua changu, walioliweka jina hilo walikuwa wavuvi na walikuwa na sababu zao.

Alonibadilisha mie ni mzee mmoja wa Kitaliana, na ntaeleza kwa urefu kwa sababu huko anakotoka ndiko kulikonifundisha.

Nyinyi mnajua Wataliana walivo wengi huku kaskazini, Kiwengwa mpaka Nungwi, vijana wetu wanaongea Kitaliana kuliko Kiingereza, na mie nimekipata hivo hivo cha pwani, cha kuulizia bei na kuonesha matumbawe. Basi mzee huyo alikuja na mkewe, nkawachukua siku tatu mfululizo. Siku ya pili tunapita kwenye mwamba mmoja nje ya kijiji, mwamba ambao sie wenye maboti tumeupa jina la hoteli iloko mbele yake, akaniuliza unaitwaje, nkamwambia jina hilo la hoteli. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, na babaako alikuwa akiuitaje? Wallahi nilikaa kimya mpaka tukafika. Nlikuwa silijui. Baba yangu alivua maji yale misimu na misimu, alikuwa akija dago, yaani kambi ya uvuvi, kutoka Pemba kila mwaka, na mie mwanawe nakula kwa maji yale yale na jina silijui.

Mzee yule ni mtu wa Paceco, mji mdogo pembeni ya Trapani, ujanani alifanya kazi ya chumvi. Baada ya kurudi kwao tukawa tunaandikiana WhatsApp, mjukuu wake ananisaidia pale Kitaliana changu kinapokwama, na mie nkaanza kusoma mwenyewe, simu mkononi, tafsiri ya Google, usiku wa upepo ambao hatuingii baharini. Nimesoma sana kuhusu pahala hapo. Naomba niwape wasomaji wenu.

Trapani ni mkoa wa mwisho kabisa magharibi ya Sicilia, na Sicilia ndo kisiwa kikubwa kuliko vyote Bahari ya Kati, kilomita za mraba kama 25,700. Mkoa wenyewe wa Trapani ni kama 2,470. Hapo simamisha kidogo ufikirie, maana Unguja na Pemba ukizichanganya ni kama 2,650. Karibu sawa! Ila wao watu hawafiki nusu milioni na sie sensa ya 2022 imetuhesabu 1,889,773. Na Sicilia ina mamlaka yake ya ndani tokea 1946, wana baraza lao la kutunga sheria Palermo, ndani ya dola ya Italia, kwa hiyo Mzanzibari hahitaji kuelezewa sana mambo hayo yanavokwenda.

Jina la Trapani ni la Kigiriki, linatokana na neno drepanon yaani mundu, kwa sababu mji umekaa kwenye ulimi wa ardhi uliopinda kama mundu ulioingia baharini. Ukiangalia ramani unauona kabisa. Mbele yake kuna visiwa vya Egadi, Favignana, Levanzo na Marettimo, na mbali kule kusini, karibu na Tunisia kuliko Sicilia yenyewe, kuna Pantelleria ambayo nayo ni mkoa huo huo. Kutoka Pantelleria mpaka pwani ya Tunisia ni kama kilomita 70, mpaka Sicilia ni kama 100. Kwa hiyo serikali yao iko kaskazini na Afrika ndo jirani wa karibu.

Walopita pale huwamalizi. Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanon, walikaa kisiwa kidogo cha Mozia mpaka Dionysius wa Siracusa alipokivunja mwaka 397 kabla ya Masihi, walobaki wakahamia ng'ambo wakajenga Lilybaeum. Wagiriki wakajenga Selinunte, ikavunjwa na watu wa Carthage, dola ya kale iliyokuwa Tunisia, mwaka 409 kabla ya Masihi, na mpaka leo kwenye machimbo yao ya mawe kuna nguzo zimekatwa nusu, watu waliacha patasi wakakimbia. Warumi wakaishinda Carthage kwenye bahari ya Egadi tarehe 10 Machi 241 kabla ya Masihi, vita vya miaka zaidi ya 20 vikaisha siku moja, na miaka hii ya karibuni wapiga mbizi wametoa chini ya bahari vile vyuma vya shaba vya mbele ya jahazi za vita walivokuwa wakipasulia majahazi ya adui. Haya nayapita haraka kwa sababu ninapotaka kufika ni kwa Waislamu.

Mwaka 827 jeshi la Waaghlabi, watawala wa Kiislamu wa huko, lilivuka kutoka Tunisia likashuka Mazara, ambayo ni mkoa huo huo wa Trapani. Kiongozi wake alikuwa kadhi, Asad ibn al-Furat wa Qayrawan, mtu wa elimu alosoma Madina kwa Imam Malik mwenyewe, kisha akasoma Iraq kwa wanafunzi wa Abu Hanifa. Alikufa mwaka wa pili yake, wakiwa wameuzingira mji wa Siracusa. Kisiwa kizima hakikuchukuliwa mpaka karne ya kumi, na Wanormani Wakristo wakaja kukichukua tena kati ya 1061 na 1091. Kwa hiyo utawala wa Kiislamu ukiuhesabu ni kama miaka 250. Si mingi sana. Lakini angalia majina.

Lilybaeum ile ya kale ikaitwa Marsala. Marsa ni bandari, wengine wanasema ni Marsa Ali, wengine Marsa Allah, wenyewe wanabishana mpaka leo. Calatafimi, hiyo kalat mbele ni qal'a, ngome. Gibellina ni jabal, mlima. Mazara jina lake refu ni Mazara del Vallo, na wengi huko wanasema hiyo Vallo ni WILAYA. Neno letu hili hili Mhariri, la mkuu wa wilaya, kwa sababu kisiwa kiligaiwa sehemu tatu na moja ikaitwa Val di Mazara. Mie nliposoma hapo nliinuka kitini. Na upepo wa joto unaotoka upande wa jangwa wanauita scirocco, asili yake ni sharq, ndo hiyo hiyo mashariki yetu. Wavu wa kukokota wanauita sciabica, shabaka hiyo. Na kule Pantelleria kuna zabibu tamu sana wanazilima, zinaitwa zibibbo! Sisi tunasema zabibu. Mzee aliponitamkia neno hilo kwenye boti nlidhani ananiigiza.

Pantelleria nayo ngoja niiseme kidogo maana naipenda kuliko zote japo sijawahi kuiona. Ni mlima wa volkano uliotokeza baharini, kilomita za mraba 83, kilele chake mita 836. Upepo haumaliziki, na Waarabu wanasemekana waliiita Bint al-Riyah, binti wa pepo. Kwa ajili ya upepo huo mizabibu yao hawaipandishi juu, wanaichimbia kishimo na kuikata iwe kichaka kifupi kilicholala, na ulimaji huo UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia usioshikika, ule wa mila na ujuzi, mwaka 2014. Mchungwa mmoja unajengewa ukuta wa mawe wa duara, mrefu kuliko mtu, mti mmoja tu ndani, usivunjwe na upepo. Fikiria mapenzi hayo ya mti. Na vitongoji vyake vinaitwa Khamma, Gadir, Rekhale, Bukkuram, Bugeber. Gadir ni ghadir, bwawa, na kweli pale pana vibwawa vya maji ya moto kando ya bahari. Hakuna Muislamu aliyebaki wa zamani hizo, lakini bango la barabarani limeandikwa Khamma kwa K na H, na herufi ya K yenyewe Kitaliana hawana.

Hapo ndo nlipotaka kufika. Waislamu wa Sicilia walihamishwa na mfalme Frederick wa Pili, kuanzia miaka ya 1220 akawapeleka kwa nguvu Lucera, mji wa Italia bara. Ni miaka 800 hiyo. Kabla yake, msafiri Ibn Jubayr alokuwa akirudi kutoka Hija jahazi lao likavunjika Messina, akafika Trapani kungojea upepo, Januari 1185 akasali Iddi el-Fitri pale, na akaandika kwamba watu walitoka kwenda kuswali na ngoma na mabaragumu, na akastaajabu kwamba watawala Wakristo waliwanyamazia. Mwenye kuona Iddi ya Makunduchi au ya Mnazi Mmoja asome habari hiyo bila ya kusisimka sijui moyo wake ukoje. Wale watu wameondoka wote, misikiti imeondoka, lakini majina yamekaa, na anayeyalinda leo ni Mkatoliki wa Paceco ambaye hajui alif wala be.

Na kuna jengine linalotuhusu sie moja kwa moja. Mwaka 1154 al-Idrisi alimalizia kitabu chake cha jiografia Palermo, kwa mfalme Roger wa Pili. Ndani yake anaitaja Trapani na anasema bahari imeuzunguka mji na mashamba ya chumvi yako karibu na lango lake. Ndani ya kitabu hicho hicho akifika pwani ya Zenj anataja kisiwa na mji wake, na wataalamu wengi wanalisoma jina hilo kuwa ni Unguja. Miaka 870 ilopita Mhariri, kwenye kisiwa cha Sicilia, mtu ameandika jina la kwetu, kwa wino, akajitahidi kulipatia kama lilivyotamkwa na wenyewe. Na gazeti letu la 2020 na kitu, linalochapwa hapa hapa, linashindwa kuandika Changuu.

Samahani kama nimepandisha sauti. Nirudi kwenye kazi, maana majina hayakai peke yake, yanakaa kwa kazi.

Chumvi ya Trapani inavunwa kama inavyovunwa kwetu Pemba, jua na upepo. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba makubwa ya kina kifupi, yanakaa, yanapungua, yanahamishiwa jaruba jengine, na jengine, kila moja chumvi inazidi mpaka maji yanageuka mekundu mekundu, halafu inaanza kuganda. Zamani mashine za upepo zenye matanga ndo zilikuwa zinapandisha maji na kusaga chumvi, na baadhi bado zimesimama. Kuvuna ni kuanzia Julai mpaka Septemba. Marundo yanafunikwa na vigae vya udongo visinyeshewe. Mzee aliniambia kila jaruba lina jina la aina yake, la kwanza lina jina lake, la kupashia moto maji lina jina lake, la mwisho la kuvunia lina jina lake, na ukimwajiri kijana asojua majina hayo atafungua mlango wa maji usio wake, mavuno ya wiki yanaharibika. Mashamba hayo ya Trapani na Paceco toka 1995 ni hifadhi ya maumbile, heroe wanakuja, wale ndege wekundu wa miguu mirefu, na bado watu wanavuna chumvi ndani yake. Hawakuambiwa waondoke ili wageni wapige picha. Hilo naliandika makusudi.

Uvuvi ndo ulionikaa moyoni zaidi. Jodari wanaingia Bahari ya Kati kila mwaka Mei na Juni kutaga, na watu wa Favignana walikuwa wanawatega kwa mtego unaitwa tonnara, nyavu za kilomita nzima zilizotiwa nanga, zimegawiwa vyumba vyumba, samaki anaingia chumba hiki anasukumwa chumba kile mpaka cha mwisho ambacho chini yake kuna wavu wa sakafu. Kama wando wetu lakini mkubwa mno na wa maji ya kina. Mkubwa wa kazi yote hiyo anaitwa RAIS. Ndo cheo chake, rais, neno la Kiarabu, toka enzi zile. Hakuna mtu anakatiza neno la rais, yeye ndo anasoma maji, mkondo na upepo, anasema leo hatuvui, basi hamvui. Siku akisema leo, maboti yanazunguka chumba cha mwisho, wanaume wanavuta wavu kwa mikono wakiimba, nyimbo zao zinaitwa cialome, mmoja anaanza wengine wanaitikia, na moja wanaitikia aja mola, ambayo wengi wanasema ni ya mawla, yaani wanamwita Mola bila kujua lugha. Nlipousikia wimbo kwenye simu nlimuona babangu na wenzake wakivuta juya.

Familia ya Florio ilivinunua visiwa hivyo vyote mwaka 1874 wakajenga kiwanda kikubwa cha jodari wa kopo. Leo ni makumbusho. Na uvuvi wenyewe umekufa, mara ya mwisho Favignana walivua hivo ni 2007, jodari walivuliwa sana na meli kubwa huko nje na wadogo hawakubakishiwa kitu. Sisemi kwamba wao wameweza kila kitu. Wameshindwa pia, na kushindwa kwao kunafanana na kwetu. Lakini uvuvi umekufa na maneno yake yote yameandikwa, jina la kila chumba cha mtego, jina la kila kamba, nani anasimama wapi kwenye boti. Sie juya letu bado liko hai na hatujaandika.

Wasione nawasifu tu. Majina huko pia yaliwahi kuchezewa na wakubwa. Wakati wa Mussolini walipenda majina ya Kirumi, mwaka 1927 Girgenti ikageuzwa Agrigento, jina ambalo watu walilitumia karne na karne likafutwa kwa kalamu, hilo sikubaliani nalo hata kidogo. Kwenye mkoa wa Trapani kuna mji juu ya mlima, mita 750 juu, asubuhi unafunikwa na ukungu, Wanormani waliuita Monte San Giuliano na mwaka 1934 ukarudishiwa jina la kale la Erice. Hapo wengine watasema vizuri wengine vibaya. Mie nasema aulizwe mkaazi.

Na wakaazi wakiulizwa hivi ndo inavokuwa. Kuna vitongoji kusini ya mji wa Trapani, watu wake walichoka kuwa nyongeza ya mji, wakadai manispaa yao, wakapiga kura ya maoni, na 2021 manispaa ikazaliwa. Wangeweza kujiita jina lolote la kuvutia wageni, Trapani ya Bahari au vyovyote. Wamejiita Misiliscemi. Mwanzo wake ni manzil, kituo, makaazi, jina la kale la kilima chao kutoka enzi za Waarabu. Jina gumu kutamka, mgeni hajui hata aanzie wapi. Wakalichukua hilo.

Gibellina nayo nisiiache. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Januari 1968 tetemeko liliuangusha mji wote pamoja na miji ya jirani ya bonde la Belice. Watu wakajengewa mji mpya mbali na pale, wakaubeba jina lao wakaenda nalo. Ule mji uliokufa msanii Alberto Burri akaufunika saruji nyeupe, kimo cha mtu, lakini akaacha mifereji pale pale zilipokuwa njia. Kwa hiyo leo unaweza kutembea kwenye uchochoro wa nyumba ambazo hazipo. Mzee anasema ana rafiki yake alizaliwa pale na akienda anajua hapa ilikuwa njia ya kwetu, hapa ya kanisani. Nyumba imekufa, njia ipo. Sie nyumba ipo, hai, watu wamo ndani, na njia tumeishaipoteza jina, Mji Mkongwe wenyewe tunauita Stone Town na sisi kwa sisi, nimemsikia kijana wa Mkunazini, amezaliwa Mkunazini, anamwambia mwenzake tukutane Stone Town. Mkunazini, Kajificheni, Sokomuhogo, Kiponda, Hurumzi, majina hayo kila moja lina kisa chake, na watoto wa skuli hawasomeshwi hata kimoja.

Basi baada ya lile swali la mzee nlipanda boti nkaenda Pemba, kwetu Micheweni. Baba kashafariki, Mungu amrehemu, lakini yupo ammi yangu walokuwa wakivua pamoja, ana miaka 80 na kitu, macho hayaoni vizuri lakini bahari anaiona. Nkamwambia ammi, nitajie. Akaanza kutoka Kigomasha akashuka na Vumawimbi, hebu lisikilizeni jina hilo, Vumawimbi, unasikia wimbi kabla hujafika, leo nasikia kuna watu wanataka kuita ufukwe ule jina la Kizungu kwenye matangazo. Akanitajia mwamba kwa mwamba, mlango kwa mlango, hapa panakaa nguru wakati wa kaskazi, hapa usipite maji yakianza kukupwa, hapa alizama fulani ndo pakaitwa hivo. Halafu akahamia huku kaskazini ya Unguja kwenye dago. Na ule mwamba wa hoteli akautaja, na sababu ya jina lake nkaijua: ndo alama ya kuingilia usiku, ukiuweka sawa na mnazi fulani unapata mlango wa mwamba. Mnazi haupo tena, umekatwa wakati wa kujenga. Yaani jina hilo lilikuwa dira, tumelitupa tukaweka tangazo la biashara.

Nliandika mpaka mkono ukaniuma. Majina 63. Nlirudi kumsomea, akanisahihisha manne.

Sasa nlikwenda pahala fulani ofisini, sitopataja, nkawaambia jamani nina majina haya, tuweke hata vibao vidogo vya mbao, nkaambiwa niandike barua, nkaandika, nkaambiwa wageni watachanganyikiwa. Wageni watachanganyikiwa! Mtu wa kwanza alieniuliza jina la kweli ni mgeni. Mgeni anaetoka jirani na pahala panapoitwa Misiliscemi atashindwa kusema Changuu?

Ninachokuombeni nyie gazeti hakina gharama. La kwanza mkiandika andikeni Changuu, Chapwani msiite Grave Island, Mji Mkongwe muuite Mji Mkongwe, na kama mnaona msomaji hatojua basi lile la Kizungu liwe la pili, dogo. La pili, kila wiki mtenge kipembe cha ukurasa, mistari kumi tu, jina moja la pahala, mtu wa pale aeleze. Leo Jambiani na habari ya jambia lake, wiki ijayo Kizimkazi ambako mihrabu ya msikiti imeandikwa mwaka 500 Hijria, yaani 1107, wiki nyengine mlango wa bahari wasioujua ila wavuvi wa Tumbatu. Wazee wako, masheha wanawajua, wapigieni simu. Ila upesi. Kila mwezi tunazika mmoja, na anaondoka na majina 60 peke yake.

Mzee wa Paceco nlimpigia simu kumwambia nimelipata jina la ule mwamba. Akaniambia nilitamke pole pole, akalirudia mara tatu, akamwita mkewe nae alitamke. Halafu akaniuliza la ule wa pili yake. Nkampa.

Daftari ninalo. Nimelitoa fotokopi kurasa zote, na ammi kaweka dole gumba ukurasa wa mwisho kwamba ni maneno yake. Ntalileta ofisini kwenu Jumatatu nikishawashusha wageni wa asubuhi, kama saa sita hivi, naomba mwambieni mlinzi anipitishe.

Wassalaam,

Nahodha wa boti, Nungwi
(mzaliwa wa Micheweni, Pemba)